Mkono Ulioshonwa Tumboni

Mwaka ule baada ya kuungua nilikuwa nikiingia kwenye shughuli za watu kwa mlango wa uani. Nafika harusini mkono wa kulia umefichwa chini ya mtandio, naketi na wapishi, na sinia likiletwa nasema nimeshiba. Mkono wenyewe ulikuwa umejikunja ngumi. Vidole vinne vilikuwa vimelala kiganjani, vimeshikana na kovu, na gumba limevutwa ndani kama mtu aliyeficha kitu. Kula na wenzangu kwa mkono wa kushoto sikuthubutu, na kula peke yangu jikoni kulinichosha. Naandika kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama ile, ambaye watu wanamwambia ashukuru Mungu mkono haukukatwa. Anashukuru kweli, lakini moyoni bado anautaka mkono wake.

Jina langu Rukia. Kazi yangu ni kuchora hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Nilipomaliza kidato cha nne Kilwa Kivinje, wenzangu walitafuta vyuo na wachumba, mimi nikachukua koni ya nailoni na kopo la piko nikaanza kufuata harusi. Kivinje, Masoko, Lindi, Mingoyo, kisha bara kwenye mashamba ya mikorosho, kisha pwani tena. Nimeolewa na nimeachika, na sikuwa mtu wa kukaa. Hata leo nikikaa mahali wiki chache naanza kusikia harufu ya nyumba nyingine, ya hina iliyovundikwa kwenye nyumba yenye kuta nene kule Kivinje, ambako niliwahi kuchora mabibi harusi watatu wa ukoo mmoja. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaambiwa mkono wake wa kazi umefungwa.

Niliungulia kwa mama yangu, Mingoyo, mwishoni mwa msimu wa korosho. Tulikuwa tunachoma korosho za kula nyumbani, juu ya bati lililotobolewa. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayolipuka moto, na moshi wake unachoma macho. Bati liliinama, nami nikalidaka kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka. Mafuta yale hayachuruziki kama maji. Yananata, na yakishanata yanaendelea kula.

Zahanati walinisafisha, wakanifunga, wakaniambia nijitahidi kunyoosha vidole kila siku. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikinyoosha, naona nyota mchana. Nikikunja, maumivu yanatulia na usingizi unakuja. Mama naye, kwa huruma, alikuja na kipande cha leso laini akanifungia ngumi ile vizuri, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kidonda kilipona. Kilipona kikiwa kimejikunja.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kuchukua katika maneno yangu yote, chukua hili: mkono ulioungua usiuache ulale kwa namna unayoipenda. Ulaze wazi, kidole mbali na kidole, hata ukilia.

Nilijaribu kuchora kwa mkono wa kushoto. Mistari ilikwenda kama kuku aliyepita kwenye majivu. Bibi harusi mmoja aliangalia mguu wake, machozi yakamtoka, na mimi nikafunga kopo langu. Nikawa sina pa kwenda. Mialiko ilikuwapo, lakini mwaliko wa huruma hauna utamu.

Masika ya mwaka wa pili yalikuwa yamekwisha na watu wanavuna ufuta wakati gari la matangazo lilipopita Mingoyo. Madaktari bingwa wanakuja hospitali kwa siku chache: wenye makovu ya moto yaliyojikunja, watoto wenye midomo wazi, wenye vidonda visivyofunga, wote waende. Mama alisema, "Kwa kuungua ulikokwisha kupona wataenda kukufanya nini?" Nilikuwa nimeshashika begi.

Mdogo wangu Somoe anakaa Rasbura, Lindi mjini, na mumewe Hamisi na watoto wao. Nikafikia kwake. Asubuhi tukaenda kukaa kwenye benchi za hospitali, na benchi zile nazikumbuka kuliko kitanda. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamume mmoja ambaye kidevu chake kilikuwa kimeshikana na kifua kwa kovu la moto. Aliniona nilivyoufunika mkono. Akanitazama kwa chini, maana kwa juu hakuweza, akasema, "Funua tu, dada. Hapa hakuna mgeni."

Nikafunua. Ulikuwa umepata jasho mle ndani.

Daktari aliyeniona anaitwa Elia, mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Pembeni yake alikuwapo Daktari Zuhura, daktari kijana wa hapo hapo hospitalini, aliyekuwa akijifunza kwake. Daktari Elia hakuushika mkono wangu kama kitu cha kutisha. Aliugeuza, akabonyeza kovu, akavuta kila kidole kidogo kidogo huku akitazama uso wangu na si mkono. Kisha akachukua kalamu ya wino wa zambarau akaanza kuchora juu ya kifundo cha mkono, palipokuwa na kovu lililosimama kama kamba. Akachora herufi Z.

Mimi maisha yangu yote nachora kwenye ngozi za watu. Sikuweza kunyamaza.

"Daktari, samahani. Mguu mmoja wa hiyo Z umeuchora mrefu kuliko mwenzake."

Akainua macho. "Wewe ni fundi wa nini?"

"Nachora piko."

"Ah! Basi nimepatikana." Akacheka, na Daktari Zuhura akacheka. "Nimeuchora mrefu makusudi, dada. Upande huu ni kovu tupu, halivutiki. Upande huu ngozi nzima, inakubali kuvutika. Nikiwagawia sawa, mmoja atanyanyaswa na mwenzake mpaka akose damu afe."

Kisha akamgeukia Daktari Zuhura, akamweleza kwa kidole, nami nikasikiliza kuliko huyo mwanafunzi. Akasema: ukikata mstari mmoja ulionyooka ukashona, kovu jipya litajikunja kama lile la kwanza. Lakini ukikata kwa umbo hili, ukachukua pembe ya huku ukailaza kule, na ya kule ukaileta huku, urefu unapatikana bila kuongeza hata kipande cha ngozi. Nilikaa nikiutazama ule mchoro. Nimechora pembe za namna hiyo kwenye mikono ya wanawake wasiohesabika, kwa ajili ya uzuri tu. Sikujua kwamba pembe inaweza kufungua mkono.

Nikamuuliza neno nililokuwa nimelibeba tangu Mingoyo. "Nitachora tena?"

Akaweka kalamu chini. "Kuufungua nitaufungua. Kuchora sijui. Vidole vikikaa vimekunjwa mwaka mzima, hata viungo vya ndani vinazoea. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nakuuzia maneno." Akanieleza pia kwamba akishafungua kiganja, huenda kano zikabaki wazi, zile kamba nyeupe zinazovuta vidole. Juu ya kano tupu ngozi nyembamba ya kupandikiza haishiki, hufa. Ikiwa hivyo, atainua ngozi nene ya chini ya tumbo, karibu na nyonga, bila kuikata kabisa, aishone kwenye kiganja, na mkono ukae hapo umeshonwa tumboni mpaka ngozi ile izoee kula damu ya mkono. Baadaye ndipo wataachanisha.

Nikasema sawa. Nilisema sawa kama mtu anayeitikia dua ya Kiarabu asiyoielewa.

Nikapangiwa siku ya mwisho ya kambi ile ya madaktari. Jioni ya kuamkia siku hiyo, baada ya magharibi, Somoe alinitazama mikono akakunja uso.

"Dada, ndiyo utakwenda hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Mikono mitupu! Mchora piko mzima ulale mbele ya madaktari kama mwanamke aliyekaa eda. Wewe nani kakufia?"

Wanaojua pwani yetu watanielewa. Mjane ndiye anayekaa mikono mitupu. Mwanamke mwenye watu wake, anapokwenda kwenye jambo kubwa, anapambwa. Na mimi ndiye niliyemfundisha Somoe kazi, kwa hiyo nilikaa mkekani kwa furaha, mara ya kwanza tangu niungue, nikamwachia mwili. Alinipamba miguu, akanipamba mkono wa kushoto, kisha akauchukua ule wa kulia uliojikunja, akauchora maua mgongoni kana kwamba hauna kasoro. Akamalizia na kucha: piko jeusi, nene, vidole vya mikono na vya miguu, akashuka mpaka kwenye ncha za vidole. Nililala nimefurahi.

Asubuhi nikalazwa kwenye kile kitanda chembamba. Sista wa dawa ya usingizi akanibana kidoleni kile kibanio chenye mwanga mwekundu kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Mashine ikalia, namba hazikuja. Akahamisha kidole cha pili, cha tatu. Akafunua miguu.

"Makubwa haya. Bibi harusi, nani kakupamba mpaka kwenye vidole vya miguu?"

Watu wakacheka. Daktari Elia alipoingia akaona kucha zangu, hakucheka. Alishika kidole changu cha kati, cha mkono uliojikunja, akakibonyeza kwenye ncha, akaachia, akatazama. Akarudia kwenye kingine. Weusi mtupu.

"Dada Rukia," akasema, "vidole vyako vimekunjwa, na mishipa ya damu imefupika pamoja navyo. Nikivinyoosha ghafla, mshipa unaweza kuvutika damu isifike, kidole kikafa mezani. Kwa ngozi zetu hizi nyeusi damu siioni popote isipokuwa kwenye kucha na kwenye ncha ya kidole. Ndipo ninapoiuliza kama imefika. Sasa umenifunga kitambaa cha macho."

Nikarudishwa benchi na shuka langu. Waliokuwa nyuma yangu wakapita. Yule mwanamume wa kidevu akapita, akanipungia. Somoe alikuja mbio na ndimu, wembe, pamba na chupa ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akapiga magoti mbele yangu akaanza kusugua. Piko lile halikutikisika.

"Sugua vizuri!" nikamwambia.

"Nisugue vipi tena? Si wewe uliyenifundisha kuchanganya piko lisilotoka?"

"Nilikufundisha la harusi, sikukufundisha la hospitali!"

Mwanamke aliyekaa jirani akaangua kicheko, na Somoe akaangua kilio. Alilia huku anasugua. "Nimekuharibia, dada. Leo ndiyo siku yao ya mwisho. Nimekuharibia mkono." Nami niliamini hivyo. Nilitazama mlango ule wa bembea wa chumba cha upasuaji, kila ukifunguka naona mtu mwingine anaingizwa.

Alasiri Daktari Elia alitoka, kofia imelowa jasho, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Alikuja akakaa kwenye benchi letu, kitu ambacho sijamwona daktari akifanya tena. Sista akaja nyuma yake, akanibana kile kibanio kwenye ndewe ya sikio. Namba zikaja. Kisha daktari akatoa sindano ndogo, akanidunga ncha ya kidole cha kati, akasubiri. Tone jekundu, bichi, likachomoza juu ya weusi wa piko.

"Haya," akasema, akamaliza chai. "Macho yamefungwa, tutapapasa. Kila kidole nitakachonyoosha nitakidunga. Kikitoa tone kama hili nakwenda mbele. Kikigoma nakirudisha kidogo, nakisubiri. Itachukua muda mrefu. Umeshakula?"

"Sijala tangu jana."

"Vizuri. Mimi ndiyo nimemaliza."

Sina ninachokumbuka cha upasuaji wenyewe. Daktari Zuhura alinisimulia baadaye kwamba kidole kidogo kiligoma mara mbili, na mara zote mbili Daktari Elia alikikunja tena, akakifunika kitambaa cha uvuguvugu, akasimama mikono imetulia akisubiri, wala hakumharakisha mtu. "Mimi nilitaka kuendelea," akaniambia. "Yeye akasema, ngoja, inakuja. Na ikaja." Nimeishi na mafundi wengi. Wanaojua kukata ni wengi kuliko wanaojua kungoja.

Nilipozinduka nilitaka kuinua mkono niutazame. Haukuinuka. Nilivuta, nikasikia tumbo langu linavutwa. Nikapiga kelele.

"Usivute! Dada, usivute!" Somoe alinishika bega. "Uko tumboni. Walikwambia. Uko tumboni."

Kano zilikuwa zimeonekana. Kiganja changu kilikuwa kimeshonwa chini ya tumbo, upande wa kulia, na ngozi ya hapo ilikuwa imeinuliwa kama ulimi wa kiatu na kulazwa ndani ya kiganja. Mkono na tumbo vilikuwa vimekuwa mtaa mmoja.

Madaktari wa Dar es Salaam wakaondoka kesho yake. Mimi nikabaki na Daktari Zuhura na kitanda cha dirishani, kwa wiki zile ambazo kwangu zilikuwa ndefu kuliko safari zote nilizowahi kwenda. Nisikudanganye kwamba ni jambo jepesi. Bega linaganda. Huwezi kugeuka. Kikohozi kidogo kinavuta nyuzi. Joto la Lindi linakusanyika kwenye ule mkunjo na harufu yake unaisikia wewe kabla ya wengine, unaona haya. Kuoga ni kufutwa. Kuswali niliswali kitandani, takbira kwa mkono mmoja. Haja ndogo nilikwenda kwa kusindikizwa. Lakini kila asubuhi Daktari Zuhura alikuja, akaibonyeza ile ngozi kwa kidole kimoja, akatazama, akasema, "Iko hai," kisha ndipo akanisalimia. Nilianza kuisubiri ile "iko hai" kama watu wanavyosubiri adhana ya magharibi kwenye Ramadhani.

Kitanda cha pili alikuwapo Mama Yosefina, mkulima wa milimani, Mkatoliki, aliyekuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kufunga miaka na miaka. Yeye walimbandika ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Alinieleza kwa mshangao kwamba waliichuna kwa kisu kama randa ya seremala, nyembamba kama karatasi ya kitunguu, kisha wakaitoboa matundu wakaivuta ikapanuka kama wavu ikafunika kidonda kizima. "Mguu hauniumi," akasema, "linaniuma paja lililotoa. Ndiyo dunia, mwanangu. Anayetoa ndiye anayelia." Kisha akanitazama. "Na wewe umejishika tumbo hivyo utadhani umekula mbaazi mbichi!"

Uzito wote ulikuwa kwa Somoe. Alinilisha, akanifuta, akalala chini kwenye mkeka. Nyumbani kwake Rasbura watoto walikula vya jirani. Siku moja Hamisi alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi kofia mkononi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Alhamdulillahi." Akageukia mkewe. "Mama Sauda, utarudi lini?"

"Dada akifunguliwa."

"Na watoto wakifungua midomo nawaambia nini?"

Alipoondoka, mimi nikafanya kosa la kumwambia Somoe aende zake, nitajimudu, mimi nimezoea kuishi bila mtu. Alikuwa ameshika kijiko cha uji. Akakiweka.

"Umezoea kuishi bila mtu! Baba alipougua ulikuwa Masoko. Nilipojifungua Sauda ulikuwa sijui wapi, harusi ya nani sijui. Kila ukitafutwa, Rukia kaondoka. Leo Mungu kakushona kwenye tumbo lako mwenyewe ndiyo unaniambia nenda? Sitoki! Umeshikwa, na mimi nataka nikuone umeshikwa. Fungua mdomo."

Nikafungua. Uji ulikuwa umepoa, na nilimeza wote. Baadaye Mama Yosefina, ambaye alijifanya amelala, akasema bila kufumbua macho, "Huyo mdogo wako hana masihara." Akaanza kunilisha yeye mchana, ili Somoe apate kwenda kuwapikia watoto na kurudi. Hivyo ndivyo tulivyovuka.

Siku ya kuachanisha ilifika upepo wa kusi ukiwa unavuma, na baridi kidogo asubuhi. Daktari Zuhura angekata mwenyewe, mara yake ya kwanza, na Daktari Elia yuko kwenye simu kutoka Dar. Kabla ya kukata alifanya kitu kilichonifanya nimwamini. Alifunga kamba laini ya mpira kwenye ile shingo ya ngozi inayotoka tumboni, akaikaza ili damu ya tumbo isipite. Akaketi kwenye stuli karibu yangu, tukaitazama pamoja ile ngozi. Ikiwa mkono umeshajifunza kuilisha, itabaki na rangi yake. Ikiwa haujajifunza, itageuka.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Sana," akasema. "Wewe?"

"Mimi nimechoka kuogopa."

Akabonyeza. Ngozi ikapauka chini ya kidole chake, kisha ikarudi rangi. Akangoja. Akabonyeza tena. Ikarudi. Akaiambia simu, "Mwalimu, inarudi," na sauti ya Daktari Elia ikasema, "Basi mpe mwenyewe mkono wake."

Ulipotolewa bandeji sikuupenda. Kiganja kilikuwa kinene kama andazi lililoumuka, laini, cheusi kuliko mwenzake, na kilipoguswa hakikusikia kitu. Nilikuwa na ngozi ya tumbo mahali pa kushikia watu mkono. Lakini vidole vilikuwa wazi. Vilisimama kila kimoja peke yake, vimekonda, vinatetemeka kama vifaranga waliototolewa leo. Somoe alivishika kimoja kimoja akivihesabu kama vya mtoto mchanga.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu wanafikiri kisu ndicho kimemaliza kazi. Mimi nilifikiri hivyo. Kumbe kovu lina kumbukumbu, linataka kurudi kwenye ngumi yake. Mazao ya mbaazi yalikauka yakavunwa nikiwa nafunga mkono kwenye banzi, kibao cha kunyoosha vidole, kila ninapolala na kuufungua kila ninapoamka. Msimu wa korosho ulinikuta nikikanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji, nikiokota choroko moja moja kutoka bakulini, nikisugua makovu kwa mafuta ya nazi. Siku niliposikia joto la kikombe ndani ya kile kiganja cha tumbo, nilikiweka chini nikakishika tena, niamini. Kambi ya pili ilipokuja, Daktari Elia alinipunguza mafuta ya ndani, kiganja kikashuka kikakaa karibu na vya watu. Kidole kidogo hakinyooki chote hadi leo. Na nikinenepa, kiganja kinanenepa pamoja na tumbo. Somoe anasema ndiyo mizani yangu.

Kazi niliirudia kwa siri, kwenye karatasi, kisha kwenye miguu ya Somoe, ambaye hakuwa na la kusema ila "nzuri, dada, nzuri." Mama alisema nzuri. Majirani walisema mashallah. Kila mtu alisema nzuri, na mimi nikaanza kukosa usingizi, kwa sababu nilijua kwamba wanausifia mkono uliougua, hawausifii mstari.

Kisha nikaitwa Rasbura hiyohiyo, harusi ya familia nisiyoijua. Aliyeniita alikuwa somo wa bibi harusi, bibi mmoja mrefu, mkali, aliyemfunda yule binti, na kwa desturi ndiye anayepokea kazi ya mchoraji. Hakuna aliyemwambia habari zangu. Aliniona nanyoosha na kukunja vidole kabla ya kuanza akauliza, "Una nini?"

"Niliungua, bibi. Nimepasuliwa."

"Pole. Anza basi, watu wanangoja."

Nikaanza na mguu wa kushoto. Nikachora shina kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kidole, nikapandisha majani. Bibi harusi alikuwa na ngozi nzuri, inayopokea. Nilisahau kidogo kwamba mkono ni wangu na ni mpya. Nilipoinua kichwa, somo alikuwa ameinama, miwani puani, anatazama kwa karibu.

"Hili jani hapa," akasema, akaonyesha kwa kijiti, "limenenepa. Mwenzake mwembamba, hili nene. Unaona?"

Nikaona. Alikuwa sahihi.

"Huyu anaolewa, haendi sokoni. Futa. Rudia."

Bibi harusi akanitazama kwa kunionea huruma. Hakujua. Tangu nilipodaka lile bati hakuna mtu aliyekuwa ameniambia rudia. Nilichukua pamba nikailowesha, nikafuta lile jani kabla halijashika, nikakausha ngozi, nikarudia.

Yule bibi aliinama tena, akatazama kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kisha akanisogezea mguu wa pili.